Mashabiki wa Pitt Wana Haki ya Kuudai Uwanja Wao

Msimu wa futiboli ya Kimarekani ukianza tu, mjadala uleule hufufuka hapa Pittsburgh. Je, timu ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh, ambayo kila mtu anaiita Pitt, iendelee kucheza kwenye uwanja wa Steelers, timu ya kulipwa ya jiji hili, kando ya mto, au chuo kijenge uwanja wake chenyewe? Na kila msimu watu wa mahesabu huwajia juu mashabiki. Uwanja mnao, wanawaambia. Una viti 68,400, una skrini kubwa, uko pazuri, mandhari ya jiji yote mnaiona mkiwa mmekaa. Sasa mnalia nini?

Mimi niko upande wa wanaolia, na sioni aibu kusema hivyo. Hesabu zao huenda ni sahihi kabisa, ila wanahesabu kitu ambacho hakuna aliyewauliza.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, Marekani Jumamosi ni siku ya vyuo na Jumapili ni ya ligi ya kulipwa, NFL. Timu ya kulipwa inaweza kuuzwa au kuhamishiwa mji mwingine mwenye timu akitaka. Timu ya chuo haiendi popote. Mtu anasoma miaka minne, anaondoka, anaoa au anaolewa, anazeeka, na bado anabaki shabiki, kisha watoto wake wanaurithi ushabiki huo hata kama wao wamesoma kwingine. Jumamosi ya mechi ndiyo siku ambayo mhitimu wa miaka arobaini iliyopita anarudi, anapita bweni alilolala, anawaonyesha wajukuu ukumbi aliofelia hesabu. Ondoa uwanja chuoni, na mhitimu huyo hana tena sababu ya kukanyaga pale.

Pitt walikuwa nao. Pitt Stadium ulifunguliwa mwaka 1925 juu kabisa ya kilima cha Oakland, mtaa wa chuo, na njia ya kupandia huko ni kali kiasi kwamba wanafunzi waliibandika jina la Cardiac Hill. Pale ndipo Tony Dorsett alipokimbilia mpaka tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 1976, msimu ambao Pitt hawakufungwa hata mechi moja na wakawa mabingwa wa taifa. Pale ndipo Dan Marino alipong'ara, na Marino hakuletwa kutoka mbali. Alikulia Oakland hapohapo. Kijana wa mtaani anatoka kwao kwa miguu kwenda kuwa nyota. Hadithi ya namna hiyo ilihitaji uwanja uliokuwa pale ulipokuwa.

Na kuna jambo ambalo watu wa mahesabu hawapendi kulitaja. Steelers ndio waliotangulia kuwa wageni. Kuanzia mwaka 1958 walicheza baadhi ya mechi zao za nyumbani Pitt Stadium, na kati ya 1964 na 1969 walizicheza zote pale. Ile picha maarufu ya Y.A. Tittle wa New York Giants akiwa amepiga magoti, hana kofia, damu inamchuruzika kutoka kwenye upara, ilipigwa kwenye nyasi za chuo, Septemba 1964. Chuo kiliwapa hifadhi watu wa kulipwa walipokuwa hawana uwanja wao. Nalisema hili kwa sababu leo mazungumzo yote yanaendeshwa kana kwamba Pitt ni mtu aliyeokotwa barabarani akahurumiwa.

Mechi ya mwisho ilichezwa tarehe 13 Novemba 1999. Pitt waliifunga Notre Dame 37–27, mashabiki wakaingia uwanjani, na baada ya hapo mashine zikapanda kilimani kubomoa. Mahali hapo sasa pana Petersen Events Center, ukumbi wa mpira wa kikapu uliofunguliwa 2002. Ukumbi ni mzuri, siukatai. Timu ya futiboli ikahamia Three Rivers Stadium, uwanja wa zamani wa Steelers, msimu wa 2000, na mwaka 2001 ikaingia Heinz Field, uwanja huu wa sasa, pamoja na Steelers.

Hoja za wakati ule nazijua, na hazikuwa za kijinga. Pitt Stadium ulikuwa umechoka, ukarabati wake ungemeza pesa nyingi, na kijana wa miaka kumi na saba anayetafutwa na vyuo kumi anavutiwa akiambiwa atacheza kwenye uwanja wa NFL. Hata mazoezi, Pitt na Steelers wanayafanyia eneo moja kule South Side. Kenny Pickett alikuwa akipita karibu na makocha wa Steelers miaka yote aliyokuwa chuoni, akaipa Pitt ubingwa wa ACC, ligi ya vyuo wanayochezea, mwaka 2021, na mwaka uliofuata, timu za NFL zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, Steelers wakamchukua katika raundi ya kwanza, nafasi ya 20. Kwa mchezaji, mpango huu una faida. Lakini mchezaji anakaa miaka minne au mitano. Shabiki anakaa hamsini.

Sasa nenda ukaone Jumamosi ya kawaida ya Oktoba, si ile ya mpinzani mkubwa. Mwanafunzi anapanga foleni ya basi Oakland, anavushwa kilomita kadhaa mpaka North Shore, uliko uwanja, anakaguliwa begi, anaingia. Robo ya tatu inapokaribia kwisha, Pitt wakiwa mbele kwa pointi ishirini, utaliona jukwaa la wanafunzi linaanza kupukutika kuanzia ngazi za juu. Hawaondoki kwa kuichukia timu. Wanapiga hesabu ya foleni ya kurudi. Aliyekaa bweni lililo dakika tano kutoka uwanjani haondoki robo ya tatu, maana hana anachokikimbilia.

Halafu tazama viti. Ni vya njano. Jumapili huvioni, kwa sababu kila kimoja kina mtu. Jumamosi watu elfu arobaini na kitu wanaingia, umati ambao vyuo vingi vingeshukuru kuupata, na bado kamera ikipanda juu inaonyesha njano tupu, safu kwa safu. Mtazamaji wa Texas anaona hivyo anasema Pitt haina mashabiki. Mtoto anayetafutwa na vyuo naye anaona hivyohivyo. Watu elfu arobaini waliojaza uwanja wa elfu arobaini ni kelele za kumfanya mpinzani asisikie maelekezo ya kocha wake. Watu haohao ndani ya uwanja wa elfu sitini na nane wanaonekana kama msiba uliokosa waombolezaji. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu shabiki aliyekuja ndiye anayebebeshwa aibu ya kiti ambacho hakikuwa chake.

Na uwanja huo ni wa nani hasa? Mwaka 1997 wapiga kura wa eneo hili waliikataa kodi ya kujengea viwanja, kisha viongozi wakatafuta njia nyingine, na fedha za umma zikatumika vilevile. Mmiliki ni mamlaka ya umma ya jiji na Kaunti ya Allegheny. Kwa karatasi, Steelers ni mpangaji na Pitt ni mpangaji. Ila katika nyumba hii mpangaji mmoja ana chumba na mwingine ana sebule, jiko na funguo za geti. Julai 2022 jina la Heinz Field lilibadilishwa likawa Acrisure Stadium, kwa mkataba uliofanywa na Steelers. Pitt wakaamka wanacheza kwenye uwanja wenye jina jingine.

Najua msomaji wa Dar es Salaam ataniuliza: mbona Simba na Yanga wametumia Uwanja wa Benjamin Mkapa miaka yote hii na hakuna anayelia? Kwanza, wapo wanaolia. Madai ya kila klabu kuwa na uwanja wake ni ya zamani. Lakini la msingi ni kwamba pale hakuna mdogo. Uwanja ni wa serikali, siku ya Yanga unakuwa kijani na njano, siku ya Simba unakuwa mwekundu, na hakuna anayeingia kwa kunyenyekea. Pittsburgh, Steelers wana makombe sita ya Super Bowl, fainali ya NFL, na jiji lote limevaa nyeusi na njano. Huwezi kuwaweka hawa wawili nyumba moja ukategemea mdogo ajisikie yuko kwake.

Nyasi nazo zina habari yake. Novemba 2007 fainali nne za shule za sekondari zilichezwa pale Ijumaa moja, Pitt wakacheza na South Florida Jumamosi, kisha zikatandazwa nyasi mpya juu ya zile za zamani kabla ya Steelers kucheza na Miami Dolphins Jumatatu usiku. Mvua ikamwagika. Ikawa tope. Mpira uliopigwa juu ulishuka ukachomeka ardhini ukabaki umesimama hapohapo, na mechi iliisha 3–0 kwa bao la teke la sekunde za mwisho. Tangu siku hiyo, nyasi zikichakaa, utasikia watu wanawanyooshea kidole vijana waliocheza Jumamosi. Kana kwamba wao waliomba kucheza pale.

Haki itendeke, ziko siku uwanja mkubwa unalipa. Tarehe 1 Septemba 2022 West Virginia walikuja, watani wa jadi ambao Pitt walikuwa hawajakutana nao tangu 2011. Watu 70,622 waliingia, rekodi ya mchezo wowote katika jiji hili, na Pitt wakashinda 38–31 baada ya M.J. Devonshire kuunasa mpira na kukimbia nao mpaka mwisho. Uwanja wa chuo usingeweza kuwameza watu wale wote. Usiku ule niliupenda, na bado siwezi kukubali kwamba tupange maisha ya miaka mingi kwa ajili ya usiku mmoja.

Wanaosema haiwezekani kurudi nyumbani wawatazame Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans. Hadithi yao inafanana na ya Pitt mno. Saints, timu ya NFL ya mji huo, walipoanzishwa mwaka 1967 walicheza kwenye uwanja wa Tulane, kisha Superdome, uwanja mkubwa wenye kuba, ilipofunguliwa 1975 wote wawili wakahamia humo. Tulane walikaa ndani ya lile kuba mpaka 2013, wamezungukwa na viti vitupu. Mwaka 2014 wakafungua Yulman Stadium chuoni, watu 30,000 tu. Desemba 2022 waliipiga UCF 45–28 hapohapo nyumbani wakatwaa ubingwa wa ligi yao, na mwezi uliofuata wakaifunga USC kwenye Cotton Bowl 46–45. Sisemi uwanja ndio uliofunga. Nasema siku ya ubingwa, mwanafunzi wa Tulane alitoka chumbani kwake akatembea.

Chuo Kikuu cha Minnesota nao walihamia Metrodome, uwanja wa Vikings wa NFL, mwaka 1982, wakatumikia huko mpaka 2008, na 2009 wakarudi chuoni kwenye uwanja wao. Miaka mitano baadaye Vikings walipokuwa wanajengewa uwanja mpya, ndio waliokwenda kupiga hodi chuoni. Walicheza pale misimu miwili, 2014 na 2015.

Oakland imebanana, hilo nalikubali. Hospitali, maktaba, makumbusho, nyumba za watu. Kipande cha ardhi cha kutosha uwanja si kitu cha kuokota. Ndiyo maana sidai uwanja wa elfu sitini wala sidai ujengwe kesho. Ninachodai ni kwamba chuo kiache kuwajibu mashabiki kwa tabasamu. Kiajiri wataalamu, kipime ardhi, kitoe gharama hadharani, uwanja wa watu elfu thelathini au thelathini na tano. Jibu likiwa hapana, iwe hapana yenye namba, tuisome wote.

Na wakati tunasubiri, kuna mambo yasiyohitaji ardhi. Mabasi ya kuwarudisha wanafunzi yawe mengi kiasi kwamba asiwepo wa kuondoka robo ya tatu. Majukwaa ya juu yafungwe siku ambazo tiketi hazijafika huko, watu wasogezwe chini wakae pamoja. Majina ya Dorsett, Marino, na nyota wengine waliopita Pitt kama Larry Fitzgerald na Aaron Donald, yaonekane kila Jumamosi kutoka kila geti, makubwa, kwa bluu na njano ya chuo. Na jina la uwanja likija kubadilishwa tena, Pitt wawe mezani kabla karatasi haijasainiwa.