Vimeng'enya vya sabuni na beseni la maji baridi

Sabuni nyingi za unga siku hizi hazitegemei povu na magadi peke yake. Zina vimeng'enya, yaani protini zinazokatakata uchafu: protisi kwa damu, maziwa na jasho, amilesi kwa uji na ugali, laipesi kwa mafuta. Otto Röhm wa Ujerumani alipata hataza ya wazo hili mwaka 1913, akitumia vimeng'enya vya kongosho la wanyama. Vilizidiwa na ukali wa sabuni. Mambo yalichangamka miaka ya 1960, zilipoingia protisi za bakteria zinazostahimili magadi.

Tangu hapo vimekuwa vikirekebishwa. Subtilisini, protisi maarufu ya sabuni, ina sehemu moja inayoharibiwa na dawa za kung'arisha nguo; miaka ya 1980 watafiti wa Marekani waliibadilisha, ikapata ustahimilivu. Frances Arnold, mshindi wa Nobel ya Kemia mwaka 2018, naye alianza na kimeng'enya cha ukoo huohuo. Mbinu yake: unabadilisha jeni ya kimeng'enya kwa kubahatisha, unachagua zilizofanya vizuri, unarudia.

Shabaha kubwa imekuwa kufua kwa maji yasiyo ya moto. Ulaya hesabu yao ni umeme wa mashine. Arusha na Moshi wengi tunafulia kwenye beseni, kwa maji ya bomba, na Julai maji hayo yanakata vidole. Kwa hiyo uboreshaji uliolenga bili za wenzetu umetufaa sisi bila kuombwa. Damu, kwa mfano, haitaki maji ya moto kabisa. Yanaigandisha kwenye kitambaa.

Lakini kimeng'enya kinataka muda. Mama anayelipwa kufulia watu nyumba kwa nyumba hana nafasi ya kusubiri: anamwaga unga, anafikicha, anasuuza, anahamia nyumba nyingine. Kwake nguvu ya mikono ndiyo inayofanya kazi, na sabuni ya mche ingemtosha kwa bei nafuu. Tena uchafu wetu mwingi si chakula. Vumbi la volkano ni madini, hakuna protisi wala laipesi ya kulikata. Utomvu wa mgomba nao, watu wa Moshi wanaujua, haujali vimeng'enya hivi hata kidogo.

Kuna lawama kwamba vinababua mikono. Hapo naona vinasingiziwa; ukavu wa ngozi unatokana zaidi na magadi na sabuni yenyewe. Walioumia kweli ni wafanyakazi wa viwandani mwishoni mwa miaka ya 1960, waliovuta vumbi la vimeng'enya wakapata pumu, hadi vilipoanza kutengenezwa kama punje zilizofunikwa. Sweta la sufu halisi, hilo protisi italitafuna. (Masweta mengi ya shule ni ya akriliki, hayana neno.)

Mimi ningelipia sabuni hiyo kwa mashati ya shule, mashuka na nguo za mtoto, mradi ziloweke nusu saa au zaidi. Nguo za shamba zibaki na mche na brashi. Na jiki isimwagwe kwenye beseni hilohilo, kama wengi wanavyofanya, maana klorini inaviua vimeng'enya kabla havijaanza kazi. Ije baada ya kusuuza, kwa nguo nyeupe za pamba tu.