Rubani wa Caravan aondoke lini?

Tangu 2016, Air Tanzania ilipoanza kufufuliwa kwa ndege mbili za Q400, na hasa tangu 2018 zilipoingia Boeing 787 na Airbus A220, kila kijana anayerusha ndege ndogo ya Cessna Caravan kati ya Dar, Mafia na Serengeti anamjua mwenzake aliyehamia ndege kubwa. Naye kila siku anaulizwa anasubiri nini. Nadhani la kujiuliza ni jingine: saa za kuruka anazoandika kitabuni sasa zinamwongezea nini?

Caravan inampa kijana kitu ambacho ndege kubwa itamnyima kwa miaka, yaani maamuzi. Anakaribia Kogatende, uwanja wa vumbi, nyumbu wamekatiza njia ya kutua, mvua inasogea kutoka upande wa mto Mara, na mwenye kauli ya mwisho ni yeye. Akihamia ATR, ndege ya pangaboi ya marubani wawili, anakaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, na saa zake za ukapteni zinaishia pale zilipofika. Anayemshauri abaki kwanza ana hoja nzito.

Lakini Caravan ina injini moja, na viwanja vya mbugani havina taa, hivyo saa za usiku hazipatikani kirahisi. Leseni ya ATPL, ambayo bila hiyo huwi kapteni wa ndege ya abiria ya marubani wawili, inadai saa 1,500, na ndani yake 100 ziwe za usiku. Mtu anaweza kuwa na saa 2,500 kitabuni na za usiku zisifike hata nusu ya zinazotakiwa. Huyo kila mwezi anarudia saa zilezile. Kwake nasema aondoke, hata kama upande wa pili ataanza na mshahara mdogo kuliko anaoupata sasa.

Kuna pia suala la foleni. Mashirika makubwa mengi hupandisha ukapteni kwa kufuata tarehe ya kuajiriwa, na ukomo wa miaka 65 kwa safari za kimataifa haumngoji mtu. Aliyeingia na miaka 28 na aliyeingia na 35 hawatamaliza sawa. Ila foleni hiyohiyo, mambo yakiharibika, mara nyingi hukatwa kuanzia mkiani. Mwaka 2020 hata Emirates ilipunguza marubani. Hapa kwetu Fastjet, iliyokuwa na majeti, ilisimamishwa Desemba 2018, huku Precision Air na pangaboi zake bado inaruka hadi leo. Ukubwa wa ndege si uhakika wa ajira.

Mkataba wa kufidia mafunzo, unaomdai rubani gharama zake akiondoka mapema, nao usomwe kwa makini. Simuleta ya ATR, mashine ya kujifunzia kurusha ndege hiyo, inafuatwa Toulouse au Johannesburg, gharama si ndogo, na kampuni ina haki ya kuilinda. Deni linalopungua kila mwezi ni la haki. Linalobaki palepale hadi siku ya mwisho linamfunga mtu, na mimi nisingelisaini.

Akishaamua, atoe notisi kamili, na akiweza asiondoke kati ya Julai na Septemba, watalii wakiwa wamejaa. Mashirika yetu madogo yana makapteni wa kuhesabika. Anayeondoka ghafla anawaachia wenzake zamu zake, na rubani aliyechoka kwenye viwanja vile, akiwa peke yake mbele, anahatarisha watu kumi na zaidi waliokaa nyuma yake.