Programu za kusoma utabiri wa ensembo: msaada mkubwa, ila wastani usikabidhiwe usukani

Watabiri wa hali ya hewa siku hizi hawategemei jibu moja la modeli, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa ijayo. Kuna utabiri wa ensembo, yaani modeli ileile inaendeshwa mara nyingi huku hali ya mwanzo ikibadilishwa kidogo kidogo, maana Lorenz, mwanasayansi wa hali ya hewa, alishaonyesha tangu 1963 kwamba kosa dogo la mwanzo linakua mpaka linaharibu utabiri wote. Kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha Ulaya, ECMWF, kilianza kuutumia utabiri huu mwaka 1992 na leo kila raundi inatoa majibu 51. Sasa nani ana muda wa kupitia ramani 51 za upepo, halafu za mvua, halafu za joto, na tahadhari inatakiwa itoke haraka?

Hapo ndo programu zinapoingia, na mimi naziunga mkono kabisa. Zinapanga majibu yanayofanana kwenye makundi, ECMWF hawazidishi makundi 6, kwa hiyo mtabiri anaona hadithi chache badala ya mistari iliyovurugana kama tambi kwenye sahani. Kuna pia kipimo kinacholinganisha utabiri na kawaida ya modeli yenyewe kwa msimu huo na sehemu hiyo, na hicho ni kizuri sana kwa sababu kinakushtua mapema kwamba kuna kitu si cha kawaida kinakuja, hata kama milimita zenyewe bado hazieleweki.

Ila kuna shida inayoniuma. Chukulia majibu 26 yanasema mvua haitanyesha kabisa na 25 yanasema milimita 60. Wastani unatoka kama milimita 29, na hakuna hata jibu moja lililosema 29! Mtabiri mwenye haraka anaona rangi ya katikati kwenye skrini, anaandika mvua ya wastani, wakati ukweli ni ama jua ama mafuriko. Kimbunga Joaquin cha 2015 kilikuwa na mgawanyiko wa aina hii, modeli nyingi zilikipeleka pwani ya mashariki ya Marekani na ile ya Ulaya ikakibakiza baharini, na kweli kikapita karibu na Bermuda. Ukichora njia ya katikati pale unapata njia ambayo karibu hakuna modeli iliyoiamini.

Wanaotetea kurahisisha wana hoja nzito pia, mtu akimwagiwa kila kitu anachoka na anaishia kuchagua jibu analolipenda yeye, na hilo ni hatari kuliko wastani. Nakubali. Halafu hata majibu yote 51 yakikubaliana bado yanaweza kukosea pamoja, kwa sababu modeli ni ileile moja, na hapo programu haina cha kukuokoa, ni uzoefu wa mtabiri na vipimo vya sasa hivi.

Kwa hiyo mimi siombi grafu zipunguzwe wala ziongezwe, naomba njia ya kurudi nyuma. Skrini ikiniambia eneo hili lina asilimia 20 ya mvua kubwa, nibonyeze pale na nione yale majibu 10 yenyewe, kama yote yanamwaga kwenye bonde moja au kila moja lina mahali pake, maana tahadhari ya bonde moja na tahadhari ya mkoa mzima zinaandikwa tofauti kabisa.