Mahindi Yangu Yamenizidi Vyeti

Mimi nina cheti kimoja tu maishani, cha darasa la saba, nacho panya wamekila pembeni. Mahindi niliyopakia sokoni Kibaigwa, Dodoma, kupeleka Kenya yanadaiwa cha uasilia (kwamba yametoka nchi gani), cha afya ya mimea na cha sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Yakivipata vyote nitayaamkia shikamoo.

Balaa lilinikuta Machi 2021 Namanga, mpakani na Kenya. Ijumaa tarehe 5 barua ikatoka Nairobi: mahindi ya Tanzania na Uganda marufuku, yana sumukuvu. Mimi niko kwenye foleni na tani 30. Jumatano wakalegeza: pita, ila ujisajili, na uje na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Bilioni! Mimi bilioni naisikia bungeni tu, wakati wa bajeti. Tukajibanza na utingo wangu kwenye kivuli cha tela, tukahesabu punje za kikombe kimoja, tukazidisha, tukakosea, tukarudia. Lori zima punje hazifiki hata bilioni moja! Sasa hizo 10 wanazitafuta kwenye lori la nani?

"Bosi," utingo akasema, "labda wanajumlisha na ya Waganda."

Sumukuvu sikatai, ipo. Mwaka 2016 iliua watu kwetu Dodoma na Manyara, na tangu hapo sinunui mahindi yaliyoanikwa chini. Wala sisemi majirani peke yao ndio wabaya. 2017 serikali yetu wenyewe ilizuia mahindi yasitoke. Yaani mwaka huu hutoki, mwaka ule huingii. Na mkopo wa gunia hausubiri mwaka.

Njaa ikanivusha upande wa pili. Mama mmoja akanitengea ugali mweupe, mgumu, unaodunda.

"Mama, unga wa wapi huu?"

"Ni wa kwenu."

"Umepitaje, na sisi tumekwama mpakani?"

Akaniongezea mboga, akaangalia pembeni. Njia za panya, ndugu zangu! Panya walewale waliokula cheti changu.

Niliporudi, kijana mmoja alikuwa anachoma gunia langu kwa bambo, anachota punje kiduchu kwenye mfuko wa nailoni, eti zinapelekwa maabara. Mara simu ikaita, Mama Neema.

"Baba Neema, mahindi umeuza?"

"Bado. Yanasubiri matokeo ya mtihani."

Akanyamaza kidogo.

"Yameenda na akili zako au za kwao wenyewe?"