Rosa Hakujitakia

Wiki iliyopita rafiki yangu alinirudishia nakala yangu ya *Rosa Mistika*, riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Alikuwa amekaa nayo muda mrefu, nami sikumsumbua, maana ni kitabu kifupi lakini hakisomeki kwa pupa. Alikiweka mezani akasema, "Nimemaliza. Ila dada, huyo Rosa alijitakia." Akaingia kwenye habari nyingine. Mimi nilibaki pale pale, na mpaka leo sijaondoka.

Hasira yangu si juu yake peke yake. Hukumu hiyo nimeisikia tangu nikiwa msichana. Mwalimu wetu mmoja alifunga mjadala wa riwaya hii kwa kutuambia tuandike kwenye madaftari kwamba wasichana tusiwe na tamaa. Wavulana waliandika vilevile, kwa utulivu kabisa, kwa sababu hakuna aliyewauliza wao wamejifunza nini. Kitabu kizima kilichojaa wanaume watu wazima, na funzo likawa la kwetu sisi wenye miaka kumi na sita.

Hebu tukumbushane. Rosa wa kurasa za mwanzo ni mtoto wa kwanza wa Zakaria na Regina, Namagondo, Ukerewe. Baba ni mlevi. Senti inayoingia nyumbani inatokea mlango wa pili kwenda kwenye pombe, na mama anabeba kila kitu kilichobaki, pamoja na kipigo. Kisha inakuja barua. Charles, kijana anayempenda, anamwandikia Rosa na kumtilia na pesa kidogo. Zakaria anaiona. Anachomfanyia mwanawe baada ya hapo Kezilahabi anakieleza bila kukipaka sukari, na mimi kila nikifika hapo hufunga kitabu kwanza, ndipo niendelee. Rosa alikuwa bado hajamfanyia mtu lolote. Alipokea karatasi.

Tangu siku hiyo, kwa Rosa mwanamume ni kipigo. Anafika shule ya sekondari akiwa haogopi masomo, anaogopa wavulana. Hajafundishwa namna ya kuzungumza nao, namna ya kukataa, wala namna ya kupenda. Baba aliyempiga hakumwachia maarifa yoyote, alimwachia woga tu, na woga haumlindi mtu siku unapokwisha. Unapokwisha, walioko mlangoni ni wanaume wenye kazi na vyeo, watu ambao kama wangekuwa na utu wangemwambia binti huyu arudi bwenini akalale. Hakuna aliyemwambia. Wanampokezana. Mimba zinatolewa. Anafika chuo cha ualimu, na huko nako wenye dhamana juu yake wanamtazama kwa jicho lile lile. Halafu mwishoni Charles anarudi, yule yule wa barua, mtu mzima sasa, anataka kuoa. Lakini anataka bikira. Rosa anajiua.

Nataka mtu anioneshe ni ukurasa gani ambapo msichana huyu alipewa njia mbili zilizo wazi akachagua mbaya.

Najua nitajibiwa kwamba mwandishi mwenyewe alimlaumu baba, kwa hiyo nagombana na kivuli. Ni kweli alimlaumu. Riwaya ilipotoka mwaka 1971 ilizua kelele na kuzuiwa shuleni, na naamini sehemu ya kelele hizo ilitoka kwa wakina Zakaria waliojiona kwenye kioo. Kezilahabi, kijana wa miaka ishirini na saba, alithubutu kuandika kuhusu utoaji mimba na walimu wanaowageukia wanafunzi, wakati ambapo nathari yetu ilikuwa bado inavaa kanzu na kuzungumza kwa methali. Namheshimu kwa hilo na nitaendelea kumheshimu.

Ila kuna jambo linaniuma, na sijaona likisemwa inavyotosha. Katikati ya kitabu Rosa anapotea. Yupo, jina lake lipo, mwili wake uko kila ukurasa, lakini kichwa chake hatukioni. Anatoka kwa huyu anakwenda kwa yule, na sisi tunasimama nje ya dirisha tukihesabu. Anawaza nini usiku? Anamchukia baba yake au anamkumbuka? Siku ya kutoa mimba aliogopa kufa? Msimulizi ana nafasi ya kutuhutubia, lakini mara nyingi hana nafasi ya kumsikiliza. Msomaji asiyepewa mawazo ya mhusika hubaki na vitendo vyake tu, na vitendo peke yake ni rahisi kuvihukumu.

Sasa chukua *Kichwamaji*, ya mwaka 1974, mwandishi yule yule. Kazimoto naye ni msomi, naye anaharibikiwa, naye anaharibu wengine, naye anajiua. Lakini Kazimoto anasimulia mwenyewe. Tunakaa ndani ya kichwa chake kurasa hadi kurasa. Anauliza kuhusu Mungu, kuhusu maana ya kuishi, kuhusu elimu iliyomtenga na watu wake. Anapokufa, anakufa na hoja mkononi. Matokeo yake ni kwamba wasomaji wanamwita mwanafalsafa. Tasnifu zinaandikwa kuhusu udhanaishi wake, ile falsafa ya kuhoji maana ya kuishi. Na Tumaini wa *Dunia Uwanja wa Fujo*, riwaya nyingine ya Kezilahabi, ambaye anafikia kumuua kiongozi wa serikali na kunyongwa, tukimtaja tunajadili siasa ya ardhi na Ujamaa.

Sijawahi, hata siku moja, kumsikia mtu akisema Kazimoto alijitakia.

Huo ndio ugomvi wangu, na ni ugomvi na sisi wasomaji kuliko na marehemu Kezilahabi, aliyetutoka mwaka 2020. Mwanamume akianguka katika riwaya tunatafuta kilichomwangusha: ukoloni, elimu, siasa, dunia. Mwanamke akianguka tunamtazama yeye, mavazi yake, na idadi ya wanaume. Wanaume wenyewe hatuwakumbuki hata majina. Muulize yeyote aliyesoma *Rosa Mistika* akutajie watatu kati ya waliomtumia Rosa. Atakutajia Charles, kisha atanyamaza. Wamefaulu kutoka ndani ya kitabu bila kuguswa, kama walivyozoea kutoka huku nje.

Nimezipitia tena riwaya nyingine nilizo nazo, nikiwa na swali hili mkononi. Sikufuata mpangilio.

*Kusadikika* ya Shaaban Robert (1951) inabaki utetezi mzuri wa haki kuliko wote niliousoma kwa Kiswahili. Karama, mshtakiwa, akisimama mbele ya Waziri Majivuno hunisisimua mpaka leo. Lakini Kusadikika ni nchi nzima inayoelea angani, na wajumbe wake wote waliotumwa kutafuta heri ni wanaume. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake namsoma nikitaka kupumzika, simdai kitu. *Nagona* na *Mzingile* za Kezilahabi zinahitaji siku yake.

*Utengano* ya Said Ahmed Mohamed (1980) nimeisoma upya na imenishika kuliko mara ya kwanza. Bwana Maksuudi ni Zakaria mwenye pesa na cheo: mheshimiwa mbele ya watu, mlinzi wa gereza nyumbani kwake. Maimuna anafungiwa ndani kwa jina la heshima. Mlango unapofunguka anakimbilia mjini, na mji unamla. Njia ni ile ile ya Rosa. Tofauti ni kwamba hapa mwandishi anatuonesha chanzo cha moto na historia yake. Bi Farashuu, mkunga, ana kisasi chake halali dhidi ya Maksuudi, na dhuluma ya miaka ya nyuma ndiyo inayobisha hodi. Na Maimuna hazikwi. Anaruhusiwa kujitazama na kutafakari alikopitia. Kwa hilo peke yake namshukuru Said Ahmed.

Rehema wa *Nyota ya Rehema* (1976) anakataliwa na baba yake, Fuad, kwa sababu ya rangi ya ngozi aliyozaliwa nayo. Mohamed Suleiman Mohamed anaandika maumivu hayo kwa Kiswahili ambacho nitakionea wivu mpaka nife. Rehema na Sulubu wanapolima shamba lao na kulitoa kwenye pori, ndoa yao ni moja ya ndoa chache katika riwaya zetu zenye heshima ya pande mbili. Halafu warithi wanakuja kudai ardhi. Nilipofika hapo nilikitupa kitabu kitandani.

Ndiyo maana Yasmin wa *Vuta N'kuvute* (1999) ni kipenzi changu. Adam Shafi anamchukua msichana wa miaka kumi na tano aliyeozwa kwa Bwana Raza, mtu wa kumzaa, na kumtorosha. Wazazi wake wanamkataa. Kwa kanuni ya riwaya zetu, hapo angepaswa kuanza safari ya kuelekea kaburini. Badala yake anapiga hodi kwa Mwajuma, Ng'ambo ya mji wa Zanzibar, na Mwajuma anafungua mlango. Tazama jambo dogo lilivyobadilisha kila kitu: mwanamke mwenzake alimfungulia mlango bila kumhoji. Rosa hakuwa na Mwajuma. Yasmin anacheka, anaimba, anampenda Denge, anabeba siri za siasa akiwaficha askari wa Inspekta Wright, anakosea, na anaishi. Amil Shivji alipoipeleka hadithi hii kwenye filamu mwaka 2021 nilifurahi, ingawa Mwajuma wa kwenye kitabu ndiye niliyemzoea, na hakuna atakayemuondoa.

Watu huniambia kwamba waandishi wa zamani waliandika jamii waliyoiona, na wanawake wa wakati huo ndivyo walivyoishia. Hapana. Shaaban Robert huyo huyo aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar. Mwanamke wa Fumba aliyepita akiuza vyungu, ambaye hakuwa na ukoo wa kujivunia, aliyefika hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili mwaka 1928. Watu wakamsengenya na yeye akaendelea kuimba. Aliimba hata kuhusu Kijiti, muuaji wa mwanamke, aliyetoroka huku mahakama ikiwageukia wanawake waliokuwa na marehemu. Siti aliliona hilo zamani hizo, tukiwa hatujaanza kuandika riwaya. Kwa hiyo wanawake wa namna hiyo walikuwepo, na walikuwa maarufu kuliko waandishi. Ni ajabu kwamba mwanamke aliyesimama imara kuliko wote katika nathari yetu ya zamani ni yule ambaye hakubuniwa.

Wanawake walioandika wenyewe tumewasoma kidogo mno. Zainab Burhani ana *Mali ya Maskini* (1981) na *Mwisho wa Kosa* (1987), na bado kila orodha ya "riwaya bora" inayopita mbele yangu imejaa majina ya wanaume. Kwa *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei nina lawama zangu: wahusika ni wengi, na hadithi inaruka kutoka msiba mmoja kwenda mwingine kabla machozi ya wa kwanza hayajakauka. Lakini Umu, msichana anayenyang'anywa wadogo zake na yaya, hapotei kichwa kwetu. Tunajua anachowaza. Anatafuta, anapata watu wa kumlea, na siku anapokutana tena na nduguze nililia bila kuona haya.

Na kuna Afiya. *Afterlives* ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 2020, nimeisoma kwa Kiingereza. Afiya ni mtoto mdogo wakati wa Wajerumani, analelewa na watu wanaomtumikisha. Kaka yake, Ilyas, anamfundisha kusoma na kuandika. Mlezi wake anapogundua kwamba mtoto huyu anajua kuandika, anampiga mpaka anamvunja mkono. Niliposoma hapo nilimwona Zakaria waziwazi: karatasi, msichana, mwanamume, fimbo. Lakini Afiya anachukua kalamu kwa mkono uliobaki mzima na kumwandikia Khalifa maneno machache ya kuomba msaada. Khalifa anakuja kumchukua. Hamuulizi amefanya nini.

Nimeziweka riwaya hizi mbili pamoja, Rosa na Afiya, na nimezitazama sana. Barua kwa barua, kipigo kwa kipigo. Kilichowatenganisha ni mtu mzima mmoja aliyeamini mtoto anapolia. Si tabia yao, si tamaa, si malezi ya kidini. Rosa alikuwa na kijiji kizima kilichosikia kelele usiku ule.

Kwa wanaoandika sasa hivi, nina ombi moja tu, nalo ni kuhusu Charles. Alimwandikia msichana barua iliyomponza, akaenda zake akasoma, akakua, akarudi kudai usafi ambao sijaona pahali alipoulizwa wake. Rosa alipozikwa, yeye aliendelea kuishi. Alioa? Alipata mabinti? Binti yake alipoandikiwa barua alifanya nini? Namtaka mtu huyo kwa kurasa mia tatu, asimulie mwenyewe kama Kazimoto, usiku na mchana, bila pa kutokea.