Nakala za Kurasa Zinazoundwa Papo Hapo: Kivinjari Kizitunze au Kizitupe?

Ukurasa wa salio la benki, wa matokeo ya utafutaji au wa fomu ya kujiunga na chuo haukai tayari kwenye seva ukisubiri kusomwa. Seva huuunda papo hapo kila unapoitishwa, kwa data iliyopo dakika hiyo, na kwa hiyo kivinjari kinachotunza nakala yake hutunza jambo ambalo baada ya muda mfupi huenda si kweli tena. Watengenezaji wengi wa tovuti hulimaliza suala hili kwa kuweka agizo la no-store, linalokataza nakala kuhifadhiwa kabisa, kwenye kila ukurasa wa programu yao. Naamini wanakosea, ingawa hofu inayowasukuma ina msingi.

Niliwahi kuiona hofu hiyo ikitimia katika kafe ya intaneti. Mteja alitoka kwenye akaunti yake, akalipa, akaenda zake. Kijana aliyeketi baada yake akabonyeza kitufe cha kurudi nyuma, na jina la mteja yule, namba ya akaunti na salio vikatokea kwenye skrini kama vilivyokuwa. Seva haikuulizwa lolote, hivyo haikupata nafasi ya kukataa. Pale kompyuta moja inapotumiwa na watu wengi kwa siku, hakuna hoja ya kasi inayoweza kuhalalisha jambo kama hilo.

Agizo hilohilo la no-store likiwekwa kwenye orodha ya bidhaa au fomu ndefu, anayeumia ni mtumiaji. Mwombaji aliyefika ukurasa wa tatu wa fomu, akarudi wa pili kusahihisha tarehe ya kuzaliwa, anaweza kukuta visanduku vitupu. Mnunuzi mwenye bando la MB chache akifungua bidhaa tatu, moja baada ya nyingine, na kurudi kwenye orodha kila mara, hulipia orodha ileile mara nne.

Ipo njia ya kati, ambayo jina lake limewapotosha wengi. Agizo la no-cache halikatazi kutunza nakala. Linakitaka kivinjari kiiulize seva kabla ya kuitumia tena. Seva huutoa ukurasa pamoja na alama ya toleo lake iitwayo ETag, kivinjari huirejesha alama hiyo kinapouliza, na kama hakuna kilichobadilika seva hujibu 304, jibu fupi lisilobeba ukurasa wenyewe. Kitufe cha kurudi nyuma kwa kawaida hakiulizi hata hapo, kwa kuwa kazi yake ni kuonyesha kilichoonekana awali. Kwa mnunuzi na mwombaji wetu hiyo ndiyo faida, na kwa salio la benki ndiyo sababu no-store ibaki. Njia hii pia hudai uangalifu, maana ukurasa wenye saa inayotembea, au wenye msimbo wa usalama unaobadilika kila unapoundwa, hupata ETag mpya kila mara, na jibu la 304 halitolewi kamwe.

Kunyamaza ni kubaya zaidi. Seva isiposema lolote kuhusu muda, kivinjari huruhusiwa kukisia, na kipimo kilichozoeleka ni asilimia 10 ya muda uliopita tangu ukurasa ulipobadilishwa: uliobadilishwa siku 10 zilizopita huhesabiwa mpya kwa siku nzima.

Hata hivyo, no-store si kufuli. Kiwango cha RFC 9111 cha mwaka 2022, kinachoweka kanuni za kutunza nakala kwenye wavuti, chenyewe kinaeleza kwamba agizo hilo halitoshi kulinda faragha. Firefox tangu toleo la 1.5 la mwaka 2005, na Chrome ya kompyuta tangu toleo la 96 la mwaka 2021, huuweka ukurasa mzima kwenye kumbukumbu, pamoja na hali ya JavaScript yake, yaani msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari, ili anayerudi auone bila kusubiri. Kwa muda mrefu no-store iliuzuia ukurasa usiingie humo, lakini Chrome imeanza kulegeza katazo hilo pale inapoona ni salama. Ukurasa unaofufuliwa hivyo hupata taarifa kupitia tukio la pageshow, ishara ambayo kivinjari huitoa ukurasa unapoonyeshwa, na hapo ndipo programu yake inapopaswa kuiuliza seva kama mtumiaji bado yumo, kabla salio halijaonekana.