Tenda Inapoanguka kwa Ukurasa Usio na Namba

Katika tenda za umma nchini Kenya, bei haiangaliwi kwanza. Kamati ya tathmini huanza na stakabadhi: cheti cha usajili wa kampuni, hati ya CR12 inayoonyesha wenye hisa, cheti cha kodi cha KRA (mamlaka ya mapato) ambacho hakijaisha muda, leseni ya kaunti, fomu ya zabuni iliyotiwa saini, dhamana ya zabuni (hakikisho la fedha kwamba mzabuni hatajiondoa). Kimoja cha lazima kikikosekana, bahasha inawekwa kando hata kama bei iliyomo ndiyo ya chini kuliko zote. Sharti linalozua ubishi usioisha ni lile la kifungu cha 74 cha Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015: mzabuni azipe kurasa zake zote namba za mfululizo.

Makosa yenyewe yanajulikana. Mtu anachapa fomu kwenye kompyuta na namba zinajipanga zenyewe, kisha anaambatisha vyeti na taarifa za benki visivyo na namba. Au hesabu zilizokaguliwa zinaingia na namba zake za asili, hivyo mfululizo unarudi kwenye 1 katikati ya kitabu cha zabuni. Mwingine anagundua ukurasa uliosahaulika baada ya kujalidi, anaandika 45A kwa kalamu.

Wanaotetea ukali huu wana hoja nzito. Namba humlinda mzabuni mwenyewe. Ukurasa ukinyofolewa baada ya bahasha kufunguliwa, pengo linaonekana. Ukipachikwa mpya, unaonekana pia. Anayehitaji kinga hiyo zaidi ni muuzaji mdogo asiyejuana na mtu ofisini. Vivyo hivyo kwa bei: kifungu cha 82 kilifanya bei iliyosomwa siku ya ufunguzi kuwa ya mwisho, kwa sababu kurekebisha hesabu baadaye ni mlango mpana wa kumshusha anayependelewa hadi awe wa chini kuliko wenzake.

Lakini tazama kanuni za 2020 za kutekeleza sheria hiyo zilivyokwenda mbali. Tuseme umeomba kuuza magodoro 200 kwa shilingi 4,850 kila moja, jumla ni 970,000, ukateleza ukaandika 907,000. Kwa kanuni ya 74 ya kanuni hizo, kosa hilo la hesabu ni kasoro kubwa na zabuni yako inatupwa. Kwa nini isitoshe kumshikilia mtu kwenye 907,000 aliyoiandika mwenyewe? Mnunuzi angepata bei nafuu, na hakuna ambaye angekuwa amechezewa. Katiba, kifungu cha 227, inataka ununuzi wenye haki na ushindani na pia usio wa gharama kubwa. Tukiwatupa watano kwa namba za kurasa akabaki mmoja, ushindani uko wapi?

Kifungu cha 79 kinaruhusu dosari ndogo zisizogusa kiini cha zabuni, ila papo hapo kinadai masharti yote ya lazima yatimizwe. Ndiyo maana kiini cha tatizo nakiona kwa anayeandika nyaraka za tenda: kila kitu anakiita cha lazima, hadi rangi ya jalada. Sharti la lazima lingebaki kwa yanayobadilisha kinachouzwa, bei yake, au uhalali wa muuzaji. Namba za kurasa zingeweza kupigwa na kamati ya ufunguzi mbele ya wazabuni, maana tayari wanakamati hutia saini kwenye kila zabuni. Mfumo wa kielektroniki ungelimaliza suala hili kabisa, ila kuulazimisha mwaka 2025 kulipingwa mahakamani.

Kwa sasa, skani kitabu kizima kikiwa kamili, vyeti na karatasi za kutenganisha zikiwemo, kisha piga namba mara moja kwa mashine au programu, 1 hadi mwisho. Hakikisha dhamana inadumu muda wote uliotajwa. Mara nyingi ni hadi siku 30 baada ya muda wa uhalali wa zabuni kwisha. Kama uko chini ya AGPO, mpango wa tenda za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, soma kama fomu ya tamko inakubaliwa badala ya dhamana ya benki. Ukikosa tenda, barua ya kukujulisha lazima itaje sababu. Una siku 14 tu kwenda Bodi ya Mapitio, inayosikiliza malalamiko ya tenda, nayo ina siku 21 kuamua. Kwa tenda ndogo piga hesabu kwanza, kwa kuwa ada na wakili vinaweza kumeza faida yote uliyotarajia.